Mama anaanza mionzi ya titi wiki ijayo. Ngozi yake tuitunzeje isichubuke?

Binti wa Kongwa

Habari zenu wapendwa, wakubwa shikamooni. Naandika nikiwa Nkuhungu, Dodoma mjini. Mama yangu ana miaka 58, anaishi Kongwa, analima alizeti na mahindi. Mwaka jana alikutwa na saratani ya titi la kulia. Kemo amemaliza, amefanyiwa upasuaji, uvimbe umetolewa na titi limebaki. Sasa ana rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar es Salaam, mionzi mara 15, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tatu. Kupimwa kwa ajili ya kupanga mionzi tayari, wamemchora alama kifuani na kumwambia asizifute.

Kinachoninyima usingizi ni ngozi. Kuna mama jirani yetu aliwahi kurudi kutoka kwenye mionzi, kwapa na chini ya titi pamechubuka, nguo inagandia, akawa analala amekaa. Mama yangu ndiye aliyekuwa akimpelekea uji, aliona yote. Toka hapo ukimtajia mionzi anageuza maneno. Nimembembeleza mpaka amekubali kwenda, na nilimuahidi kwamba sitampeleka bila kujua la kufanya.

Ninachosikia kinapingana. Muuzaji wa famasi moja aliniambia mama asiguse maji sehemu ile mpaka amalize. Shangazi anasema tupake shubiri na mafuta ya kondoo asubuhi kabla hajaingia kwenye mashine, ngozi iwe na kinga. Wengine wanasema asivae sidiria kabisa. Mama ana mwili mkubwa na titi kubwa, na ana sukari, anameza vidonge. Akimaliza atarudi Kongwa mwezi wa saba, mnajua upepo na vumbi la kule. Mwenye uzoefu naomba anisaidie, hata kwa jambo moja.

Mwalimu Mstaafu, Chamwino

Mbukwenyi. Marahaba mwanangu. Mimi nilipigwa mionzi titi la kushoto, na langu pia halikukatwa. Mama yako asiende huko akiwa na sura ya jirani peke yake kichwani, ampate na mwingine. Ngozi yangu ilibadilika, sikufichi. Kidonda nilipata kimoja kidogo, pale titi linapokutana na mbavu, kikapona na leo hata pa kuonyesha sina.

Wiki ya kwanza hutaona kitu. Unapanda kitandani, unanyanyua mkono juu ya kichwa, mashine inazunguka dakika chache, huhisi moto wala sindano, unashuka unavaa. Wenzangu kadhaa hapo ndipo walipolegea. Waliona hakuna kitu wakaendelea na sabuni za manukato na sidiria za waya. Mimi nesi mmoja alinishika mkono siku ya kwanza kabisa akaniambia, mama, ngozi hii itunze sasa ikiwa nzima, usingoje ichanike. Neno lile nimelibeba, na ndilo ninalokupa wewe. Kuelekea mwisho wa wiki ya pili ngozi ilianza kubana na kuwasha, ikawa nyeusi kuliko upande wa pili, kisha ikaanza kupukutisha magamba makavu. Chuchu ilikuwa haitaki hata kuguswa na kitambaa.

Kuoga aoge, tena kila siku. Maji ya vuguvugu, sabuni isiyo na harufu, kwa kiganja cha mkono tu. Dodoki aliache nyumbani. Akimaliza asifute, abonyezebonyeze na taulo laini mpaka pakauke. Nyumbani kwetu maji ya kisima yana chumvi, yakikauka mwilini ngozi inakakamaa, kwa hiyo nikirudi wikiendi titi nilikuwa nalisuuza kwa maji ya kunywa yaliyochemshwa na kupoa.

Sasa sikiliza hili la chini ya titi, maana umesema mama ana titi kubwa. Sisi joto la Dodoma tunalijua, ni kavu, jasho linakauka hata hujaliona. Dar jasho halikauki. Linatuama pale kwenye mkunjo, ngozi inalowa inasuguana na ngozi, na kidonda kinaanzia hapo. Nilitafuta kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalainika (kanga mpya ni ngumu, ina wanga, usiitumie), nikaikata vipande, nikavifua na kuvipiga pasi. Kimoja nilikiweka chini ya titi, kikilowa natoa naweka kingine. Mkobani nilikuwa na mfuko wa vilivyotumika na mfuko wa visafi. Mchana nikirudi nilipofikia nafunga mlango, navua juu, nalala chali mkono nimeutupa pembeni, titi linapata hewa nusu saa hivi. Fanyeni hivyo hata kama anaona aibu kwenye nyumba ya watu. Mwenyeji muungwana ukimwambia ataelewa.

Nguo: sidiria ya waya hapana, ya kubana hapana. Lakini kukaa bila kitu na titi kubwa nako ni kulifanya lisugue mbavu kutwa nzima. Mimi nilivaa singlendi za pamba za mume wangu, moja juu ya nyingine, zikanishika vizuri tu. Ukipata sidiria ya pamba isiyo na waya, kubwa kidogo kuliko saizi yake, ni sawa.

Kijana wa Kondoa

Pole sana dada. Shubiri usiidharau. Bibi yangu alimtibu mtoto aliyeungua uji wa moto kwa shubiri na asali na hakubaki na kovu. Kuungua ni kuungua tu. Mpake mapema, dawa za famasi ni ghali.

Nesi wa Zamu

Dada, umefanya vyema kuuliza kabla. Mimi ni nesi, nimehudumia wagonjwa wa saratani kwa muda mrefu. Mwalimu ameeleza vizuri, nami naongeza pale penye mvutano.

Kwanza muelewe kinachotokea. Ngozi ya juu hubanduka kila siku bila sisi kuona, na chini yake kuna tabaka linalozaa seli mpya za kuziba pengo. Mionzi inapopita kuufuata ugonjwa, inalidhoofisha tabaka lile. Juu kunaendelea kubanduka, chini hakuwahi kujaza. Kwa sababu hiyo dalili huchukua wiki mbili au tatu kuonekana, na haziishi siku ya mwisho ya mionzi. Kilele mara nyingi kinakuja wiki moja hadi mbili baada ya kumaliza, halafu ngozi inajifunga, kwa wengi ndani ya wiki nne hivi. Kaka wa Kondoa, kwa hiyo hii si sawa na kuungua uji. Uji unaunguza mara moja na kidonda kinaanza kupona kesho yake. Huyu mama atarudi kwenye mashine kila siku, ngozi ileile.

Shubiri imejaribiwa kwa wagonjwa wa titi na haikuzuia ngozi kuchubuka. Ile inayokatwa shambani ina pia utomvu wa njano unaowasha, na huwezi kujua usafi wake. Mafuta ya kondoo kabla ya mashine ndiyo nayakataza kwa nguvu zaidi. Krimu nyembamba iliyokwisha kunywewa na ngozi haina neno, lakini tabaka nene la mafuta juu ya ngozi linafanya kipimo cha mionzi pale juu kiongezeke. Shangazi anataka kumkinga, na matokeo yatakuwa kinyume. Mwambieni kwa heshima, hilo asilifanye hata kwa siri.

La kutokuoga ni ushauri wa zamani. Ulifuatwa miaka mingi, tafiti zikaja kuonyesha kwamba kuoga kwa maji na sabuni laini hakuongezi madhara, na mgonjwa anakaa vizuri zaidi. Diodoranti ya kawaida nayo haijaonekana kuongeza madhara ngozi ikiwa nzima, ila kwapa likianza kuchubuka aiache. Kwapa asinyoe kwa wembe. Poda asiweke kwenye mkunjo wenye unyevu. Barafu hapana, chupa ya maji ya moto hapana, na plasta isibandikwe popote ndani ya eneo la mionzi, maana ikibanduliwa inaondoka na ngozi.

Kuhusu yule jirani, muulizeni alipigwa mionzi kwa wiki ngapi. Kwa miaka mingi ratiba ya titi ilikuwa mara 25, wiki tano, jumla grei 50 (grei ndiyo kizio cha kupimia mionzi). Utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba grei 40 kwa mara 15 zinazuia ugonjwa vilevile na ngozi haiumii sana kama kwa zile mara 25. Mwaka 2020 Waingereza haohao walichapisha matokeo ya mara 5 tu, grei 26. Ratiba aliyopewa mama ni hiyo ya mara 15. Inawezekana kabisa hapiti njia aliyopita jirani, na hilo ana haki ya kulijua kabla hajapanda treni.

Lakini titi kubwa, uzito na sukari vyote vinaongeza uwezekano wa kuchubuka. Titi na uzito hatuvibadilishi wiki hii. Sukari tunaiweza. Vidonge asiruke, apime, na kama vipimo viko juu daktari aambiwe kabla ya mionzi kuanza.

Binti wa Kongwa

Nesi, Mungu akubariki. Mwalimu, singlendi za baba tayari ninazo. Shangazi amenuna kidogo kuhusu mafuta ila amekubali. Nina mawili. Je, kuna krimu yoyote ya kuzuia tangu mwanzo, au ni maji na kanga tu? La pili, kila ninaposoma naambiwa niangalie wekundu. Mama ni mweusi sana. Wekundu nitauona wapi?

Nesi wa Zamu

Krimu ipo. Iliyoonyesha msaada kwenye majaribio kadhaa ni ya aina ya steroidi, jina lake mometasoni. Inapakwa nyembamba mara moja kwa siku tangu mionzi inapoanza, na inaendelea kidogo baada ya kumaliza. Inapunguza kuwasha, kuungua na uvimbe wa ngozi. Haipakwi penye kidonda. Usiinunue kwa kuambiwa na mimi, mwombe daktari wa mionzi aandike, umtajie na sukari. Nasema hivi kwa sababu madukani kuna tyubu zenye dawa tatu ndani yake, steroidi kali pamoja na ya fangasi na ya bakteria, na kuna zile zinazoingia kwenye mkorogo. Dada, kama mama au mtu yeyote pale nyumbani anatumia mkorogo, usifike kwenye titi hilo hata tone. Nimeona ngozi iliyokwisha kulainishwa na mkorogo ikiingia kwenye mionzi, inachanika mapema mno. Mbali na hiyo, losheni ya kawaida isiyo na manukato inatosha kuzuia ukavu, jioni baada ya kuoga.

Kuna pia utando mwembamba wa silikoni unaobandikwa juu ya titi tangu siku ya kwanza na kuachwa hapo. Kanada walichapisha utafiti wake mwaka 2023, wanawake 376 wenye matiti makubwa au waliotolewa titi. Kati ya waliotunzwa kawaida, karibu 46 katika kila 100 walipata madhara ya ngozi ya kiwango cha pili au zaidi, yaani yaliyopita ukavu na kubadilika rangi kidogo. Waliobandikwa utando walikuwa karibu 16. Ulizeni kliniki kama upo. Ukikosekana msikate tamaa, kazi yake kubwa ni kuzuia msuguano, na kanga laini na singlendi vinasaidia upande huohuo.

Swali la wekundu nimelifurahia sana, kwa sababu hapa ndipo wagonjwa wetu wanapopotea. Vitabu vingi viliandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi ya mama hutaona wekundu. Utaona weusi uliozidi, wakati mwingine wa kuelekea zambarau au kijivu, na ngozi itang'aa kama imevutwa. Ipo siku hutaona chochote ila ukiweka mgongo wa kiganja unasikia joto ambalo titi la pili halina. Kwa hiyo linganisha matiti yote mawili kila jioni, kwa macho na kwa mkono. Kagua sehemu tatu: kwapa, mkunjo wa chini, na kwenye kovu la upasuaji. Piga picha kwa simu mara kwa mara karibu na dirisha, mwanga uleule, ili mtaalamu akisema mbona naona ni kawaida, umwonyeshe ilivyokuwa wiki iliyopita.

Na mama aseme. Wamama zetu wamefundishwa kuvumilia, wanaulizwa mama unaendeleaje wanajibu salama. Ajibu: kwapa linawaka, chini ya titi panalowa. Akinyamaza tutajua siku kidonda kimekwishafunguka. Pakichubuka wala asijiamulie kukosa siku za mionzi, kwa kuwa mapengo yanaudhoofisha uponyaji wenyewe wa saratani. Aende hivyohivyo aonyeshe, timu iamue.

Baba Neema, Mpwapwa

Nami niseme neno, mimi ni mume wa mgonjwa. Mke wangu alitolewa titi lote, kwa hiyo kwake shida ilikuwa kwapa na kovu. Wiki zile akiwa Dar alikuwa salama. Ngozi ilichanika akiwa tayari yuko nyumbani, na zahanati yetu walikuwa hawajawahi kuona kitu kile. Kwa hiyo kuna mambo ningependa ninyi muondoke nayo Dar. Ombeni barua fupi yenye aina ya mionzi na namna ya kufunga kidonda, namba ya simu ya kliniki, na shashi zile zisizogandia kidonda za kutosha wiki kadhaa. Sisi tuliambiwa kidonda kisafishwe kwa maji ya chumvi ya hospitali au maji safi yaliyochemka na kupoa, asipakwe spiriti wala ile dawa ya zambarau, GV. Zahanati mkono wao wa kwanza huwa ni GV, na ikishapakwa hakuna anayeona tena ngozi iko hali gani. Shashi ishikwe na singlendi, isishikwe na plasta.

Safarini treni ya SGR inasaidia sana, imetulia na haina vumbi. Ukishuka Dodoma ukipanda gari la kwenda Kongwa, mkanda wa kiti unapita palepale juu ya titi. Asiache kufunga, ila akunje kitenge laini akiweke katikati. Mkoba auvae bega la kushoto.

Mwezi wa saba kule kwenu jua linachoma huku upepo ni wa baridi, mtu hajui kama anaungua. Afunike kifua na bega kwa blauzi pana ya pamba ya mikono mirefu, na kofia. Mke wangu daktari alimwambia eneo lile lisipigwe jua moja kwa moja mwaka mzima na zaidi. Na jikoni, dada, kaa wewe kwenye kuni. Joto la mafiga usoni mwa ngozi ile ni mateso. Kubeba ndoo nako asubiri, wajukuu wabebe. Alizeti iliyobaki shambani mtafute vibarua, au sisi wanaume tuingie.

Mwalimu Mstaafu, Chamwino

Baba Neema umesema kweli. Mimi kidonda changu kilikuja nikiwa nimekwisha kurudi Chamwino na watu wameshaacha kunitembelea wakijua nimepona. Mwanangu, panga likizo yako ianze pale anapomaliza. Ukiimaliza yote Dar utamkosa kwenye siku zenyewe.

Binti wa Kongwa

Nimesoma hadi usiku. Likizo nimeomba upya, dada yangu aliyeko Dar atamsindikiza kliniki, mimi nitachukua siku za nyumbani. Nimemsomea mama maneno ya Mwalimu, akaniambia rudia hapo pa singlendi. Jirani pia tumemuuliza, ni kweli alikwenda wiki tano. Mama alikaa kimya kidogo akaanza kupanga nguo.

Nesi, nikuulize la mwisho. Ni dalili gani hazisubiri asubuhi? Na mama anauliza, akirudi wikiendi anaweza kulala na mjukuu wake wa miaka minne kama kawaida? Kuna mtu amemwambia atakuwa anatoa mionzi.

Nesi wa Zamu

Zisizosubiri: homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha au harufu mbaya, maumivu yanayoongezeka ghafla, weusi au uvimbe unaosambaa nje ya eneo la mionzi, au mkono wa kulia kuvimba. Kwa mwenye sukari msingoje kukuche, nendeni hospitali ya wilaya na ile barua mkononi.

Na mjukuu alale naye. Mionzi hii inatoka kwenye mashine, ikizimwa imezimwa, hakuna kinachobaki mwilini cha kumdhuru mtoto, wala mjamzito, wala mtu wa kula naye sahani moja. Ila mtoto alale upande wa kushoto, wa miaka minne wanarusha miguu usiku.